Historia ya Chembe Yenye Umbo la Mundu

Kila aliyesoma Bayolojia katika shule yetu, awe wa enzi za kujisomea kwa karabai au wa sasa, amewahi kuchora chembe nyekundu ya damu. Ni mchoro mwepesi kuliko yote ya mtihani: duara moja, na ndani yake duara jingine hafifu la kuonyesha kibonyeo. Chembe hiyo haina kiini, kwa hiyo hata asiyejua kuchora hupata alama zake. Katika makala haya nakusudia kuwaeleza ndugu wahitimu wenzangu, na hasa wadogo zetu mlioko madarasani, habari za chembe hiyo inapoacha uduara wake na kupinda mithili ya mundu wa kuvunia mpunga. Nitaeleza ilivyoonekana mara ya kwanza, maabara zilivyoifanyia kazi kwa zaidi ya miaka mia moja, na mchango wa damu ya watu wa pande zetu katika elimu hiyo. Mimi si daktari. Chuo Kikuu nilisoma Historia, na sasa ni mtumishi wa serikali ninayeshinda na mafaili ya bajeti. Wataalamu wataniwia radhi nitakapoyasema mambo yao kwa lugha ya ofisini.

Ugonjwa wenyewe huitwa selimundu. Mitaani, na hata wodini, wengi husema sikoseli. Ndani ya kila chembe nyekundu mna protini iitwayo hemoglobini, ambayo kazi yake ni kupakia oksijeni kwenye mapafu na kuipakua mwilini. Hemoglobini ya mgonjwa wa selimundu huifanya kazi hiyo. Tatizo huanza ikishapakua: molekuli zake hunatana, zikajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu, na nyuzi hizo huisukuma chembe kutoka ndani mpaka ikapinda. Chembe iliyopinda hukwama katika mishipa myembamba, na damu inapokwama ndipo maumivu yanapoanza, katika mifupa, kifua, tumbo, na pengine ubongo ukadhurika. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya selimundu huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu siku zote. Anayerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama huugua. Anayeirithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui, naye huitwa mbebaji. Aweza kufika uzeeni bila kujua habari hiyo, isipokuwa aoane na mbebaji mwenzake. Kwa wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba pana nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa.

Vitabu vingi huanzia Chicago. Mwezi Desemba 1904 kijana kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, alilazwa hospitalini akiwa na kikohozi na upungufu wa damu. Daktari kijana aliyekuwa mafunzoni, Ernest Irons, aliitazama damu yake kwa hadubini akaona chembe nyembamba zilizopinda, akazichora. Mkubwa wake, James Herrick, aliandika habari za mgonjwa huyo mwaka 1910, na makala hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani juu ya ugonjwa huu. Noel alihitimu, akarudi kwao Grenada akang'oa meno ya watu kwa miaka kadhaa, akafariki mwaka 1916 kwa ugonjwa wa mapafu. Katika makala ya Herrick jina lake halimo, wala si ajabu, kwani ndivyo ilivyo desturi ya madaktari; lakini ilipita miaka mingi sana kabla wanahistoria hawajamtafuta na kumtambua.

Kusema kwamba ugonjwa ulianza kujulikana mwaka 1910, hata hivyo, ni sawa na kusema Ziwa Nyanza lilianza kuwapo Speke alipolifikia. Daktari wa Ghana, Felix Konotey-Ahulu, alifuatilia ukoo wake mwenyewe, kizazi baada ya kizazi, akiandika majina ya waliougua, mpaka akafika mwaka 1670. Watu wa pwani ya Afrika Magharibi walikuwa na majina ya ugonjwa huo katika lugha zao, majina yanayoigiza jinsi maumivu yanavyotafuna mifupa. Walichokosa ni hadubini. Na waliochukuliwa utumwani kuvuka Atlantiki waliubeba ugonjwa huo katika damu yao, na hivyo ndivyo ulivyofika Grenada, na kutoka Grenada ukafika katika wodi ya Chicago.

Baada ya Herrick kazi ilikwenda polepole. Mwaka 1927 Hahn na Gillespie, huko Indianapolis, walionyesha kwamba chembe hizi hupinda zikinyimwa oksijeni na hunyooka zikirudishiwa. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, akaona jambo ambalo naomba msomaji aliweke kiporo, maana tutalirudia: damu ya watoto wachanga, hata wale waliozaliwa na ugonjwa, haipindi sana. Alidhani sababu ni kwamba mtoto tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, ambayo huendelea kuwamo katika damu yake kwa miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa. Alidhani sawasawa.

Mwaka uliofuata, 1949, ndio mwaka wa heshima katika historia hii. Katika maabara ya Linus Pauling, huko Pasadena, California, kijana Harvey Itano na wenzake walichukua hemoglobini ya watu wazima na ya wagonjwa, wakazipitishia umeme zikiwa katika kimiminiko. Zilisafiri kwa mwendo tofauti. Damu ya wabebaji ilipopimwa, ikaonekana imechanganyika aina zote mbili. Kwa jaribio hilo dunia ilijua kwa mara ya kwanza kwamba ugonjwa waweza kutokana na kasoro ya molekuli moja, na makala yao yakauita ugonjwa huu kwa jina hilo hilo, ugonjwa wa molekuli. Pauling ndiye aliyepata umaarufu. Binafsi napenda zaidi habari za Itano. Alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Japani. Mwaka 1942 chuo chake cha Berkeley kilimtangaza kuwa mhitimu bora, na siku ya mahafali yeye alikuwa kizuizini pamoja na maelfu ya Wajapani wa Marekani, kwa sababu ya vita.

Kasoro hiyo ilikuwa nini hasa? Jibu lilitoka Cambridge, Uingereza, kwa Vernon Ingram, kati ya mwaka 1956 na 1957. Hemoglobini ni molekuli kubwa mno kusomwa yote kwa wakati mmoja. Ingram aliikatakata kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini akapata vipande 30 hivi, akavitandaza juu ya karatasi kwa umeme na kwa maji ya kemikali, vikaacha madoa. Karatasi ya mtu mzima na karatasi ya mgonjwa zilifanana doa kwa doa, isipokuwa doa moja lililokuwa limehama. Yeyote kati yetu aliyewahi kukesha akilinganisha daftari mbili za hesabu ili kuipata tarakimu moja iliyoleta tofauti ataielewa furaha yake. Katika mnyororo wa asidi amino 146, ya sita, ambayo yapasa kuwa asidi glutamiki, ilikuwa valini. Moja tu. Baadaye vinasaba vilipoanza kusomeka ilijulikana kwamba chanzo chake ni herufi moja tu ya vinasaba: palipostahili kuwapo A pana T.

Sasa tuje nyumbani. Wakati Pauling akitumia umeme Pasadena, madaktari katika Afrika Mashariki walikuwa wakihesabu. Mwaka huohuo wa 1949 Lehmann na Raper walitangaza vipimo vyao vya Uganda, na tofauti walizozikuta zilikuwa za kushangaza: makabila mengine hayakuwa na wabebaji hata mmoja katika mia, na Baamba, waishio chini ya Milima ya Ruwenzori, walikuwa nao 45 katika kila mia. Hapo kuna swali ambalo hata mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kuliuliza. Ikiwa jeni hii huua watoto, na wanaokufa hawaachi wazao, mbona haikwisha? Mbona imejaa kiasi hicho?

Aliyelijibu swali hilo alikulia Kenya. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa katika shamba la wazazi wake karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alifuatana na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu ya watu. Aliona kwamba watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria walikuwa na wabebaji wengi, zaidi ya 20 katika mia, na watu wa nyanda za juu na wa nyika kavu hawakuwa nao ila wachache mno. Mtoto wa Gilgil hakuhitaji kuambiwa pwani na ziwa vina nini ambacho milima haina. Vina mbu.

Ilimbidi amalize kwanza masomo yake ya udaktari. Mwaka 1953 akarudi. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya watoto 43 waliokuwa wabebaji, wenye vimelea vya malaria katika damu walikuwa 12, yaani 28 katika mia. Kati ya 247 wasio wabebaji walikuwa 113, yaani 46 katika mia. Kisha akawachukua Waluo 30 watu wazima waliojitolea, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Katika wasio wabebaji vimelea vilishika kwa watu 14. Katika wabebaji, kwa wawili. Siku hizi jaribio la kumwambukiza mtu malaria hufanyika pia, hata hapa kwetu Bagamoyo na kwa jirani zetu Kilifi, lakini hupitia kamati za maadili na karatasi za ridhaa, na mtu ana haki ya kujitoa saa yoyote. Mwaka 1953, chini ya serikali ya kikoloni, neno "kujitolea" lilikuwa na uzito gani? Makala ya Allison, yaliyotoka mwaka 1954, yanatueleza kabila la watu hao na hali ya damu yao. Ningependa wajukuu wao wajue kwamba elimu hii ilipita kwenye mishipa ya babu zao.

Lakini kazi yake inayonigusa zaidi ni ile ya Musoma, aliyoitangaza mwaka 1956. Naomba msomaji avumilie tarakimu, ndizo kazi yangu. Allison alipima watoto wachanga 287. Wasiokuwa na jeni ya selimundu walikuwa 189, wabebaji 89, na wagonjwa 9. Akapima na watu wazima 654. Wasiokuwa na jeni walikuwa 400, wabebaji 249, na wagonjwa 5. Sasa fanya hesabu. Kama watu wazima wangekuwa na uwiano uleule wa watoto, wagonjwa katika wale 654 wangekuwa 20. Walikuwa watano. Hao wengine walikufa wakiwa watoto. Na wabebaji, ambao katika watoto ni 31 kwa kila mia, katika watu wazima wamefika 38. Hawakuongezeka kwa kuzaliwa upya. Wameongezeka kwa sababu waliokuwa kando yao, wale wasio na jeni kabisa, walipunguzwa na malaria. Katika mistari miwili ya tarakimu mna makaburi ya watoto wa aina mbili, na aliyesalia katikati ni mbebaji, aliyelipiwa kinga yake na ndugu zake wa pande zote mbili.

Utafiti wa baadaye wa Kilifi, uliotangazwa mwaka 2005, ulithibitisha kwamba ubebaji hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Na mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi, huyu wa pili akiwa Mnaijeria afanyaye kazi Marekani, walisoma vinasaba vya watu wengi wa Afrika na kwingineko wakafikia kauli kwamba herufi ile moja ilibadilika mara moja tu, kwa mtu mmoja, yapata miaka 7,300 iliyopita. Wataalamu wa zamani walidhani ilitokea mara nyingi, mahali mbalimbali. Ikiwa hao wawili wana haki, basi mbebaji wa Musoma, mbebaji wa Zanzibar, na Walter Noel wa Grenada ni watu wa babu mmoja, au bibi.

Wenzangu wa miaka ya tisini watamkumbuka kijana tuliyelala naye bweni moja, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwaheshimu wazazi wake. Macho yake yalikuwa na manjano, na vidole vyake virefu. Asubuhi za baridi, wakati wa mchakamchaka, yeye hubaki kitandani akiwa na kile kijikaratasi cha ED, na walikuwapo waliosema, hata baadhi ya wakubwa, kwamba anatega. Maji ya baridi ya bomba la nje yalikuwa adui yake. Alijua Hisabati kuliko sisi sote. Alinifundisha milinganyo akiwa amefunga goti lake kwa kanga ya mama yake. Hiyo ilikuwa mwaka 1995. Muhula uliofuata hakurudi, tukatangaziwa mstarini.

Ninautaja mwaka huo kwa sababu. Mwaka 1995 huohuo, mwezi Mei, madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya dawa iitwayo haidroksiurea kwa wagonjwa 299 wa selimundu. Dawa hiyo si ngeni. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, na kwa miaka mingi ilitumika katika saratani za damu. Kwa wagonjwa hao ilipunguza vipindi vya maumivu makali kwa karibu nusu, hata jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa faida ilikuwa imekwisha onekana. Inafanyaje kazi? Huuamsha mwili utengeneze tena ile hemoglobini ya mtoto tumboni. Ndipo tunaporudi kwa Janet Watson na kiporo chetu. Aliloliona mwaka 1948 likapata dawa baada ya miaka 47.

Lakini tusiende haraka. Kati ya hapo maabara ziliutumia ugonjwa huu kama fundi atumiavyo jiwe la kunolea. Mwaka 1978 Kan na Dozy, wa San Francisco, walipata njia ya kuutambua katika vinasaba vya mtoto aliye tumboni. Na mwaka 1985 ile mbinu iitwayo PCR, ambayo kila mtu aliisikia wakati wa Korona, mbinu ya kukidurufu kipande kidogo cha vinasaba mpaka kiwe mamilioni, ilitangazwa katika jarida kwa mara ya kwanza ikifanya kazi gani? Kuipima jeni ya selimundu. Ugonjwa wa kwanza kuelezwa kwa molekuli, wa kwanza kusomwa kosa lake la herufi, na wa kwanza kupimwa kwa PCR, ni huu. Ndiyo maana nasema kwamba umeisomesha maabara kwa muda mrefu kuliko maabara ilivyoutibu. Wengi wa wagonjwa wenyewe walikuwa Waafrika na wazao wa watumwa, na sidhani kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Sehemu ya mwisho ya historia hii ni ya juzi. Ilikuwa imekwisha julikana kwamba wapo watu wenye selimundu wasioumwa sana. Mwaka 1972 Perrine na wenzake waliandika habari za wagonjwa wa mashariki mwa Saudi Arabia, ambao hemoglobini yao ya utotoni haikuisha, na ugonjwa wao ulikuwa mwepesi. Swali likawa: ni nani anayeizima hemoglobini hiyo kwa watu wengine? Mwaka 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin, wa Boston, walimpata. Ni jeni iitwayo BCL11A. Kazi yake, miongoni mwa nyingine, ni ya mlinzi wa lango: mtoto akishazaliwa hulifunga ghala la hemoglobini ya zamani ili itumike mpya. Mwaka 2011 walimwondoa mlinzi huyo katika damu ya panya wenye selimundu, na panya wakapona.

Wakati huohuo, bila kuhusiana kabisa, mkasi wa kukatia vinasaba ulikuwa ukinolewa kwingine. Bakteria nao huugua virusi, na wana kinga yao: huhifadhi vipande vya vinasaba vya adui aliyewahi kuwashambulia, na adui akirudi humtambua na kumkata. Alama za kinga hiyo zilionekana Osaka, Japani, mwaka 1987, na aliyeziona hakujua ni za nini. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kwamba kinga hiyo, iitwayo CRISPR, inaweza kuelekezwa kukata vinasaba mahali popote mtafiti apatakapo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kufika hapo, aliyetaka kuwatibu wagonjwa alikuwa na vitu viwili mkononi: alimjua mlinzi, na alikuwa na mkasi.

Mwezi Julai 2019, katika mji wa Nashville, mama mmoja wa jimbo la Mississippi, Victoria Gray, alirudishiwa mwilini seli zake mwenyewe za uloto zilizokatwa kwa mkasi huo. Alikuwa mtu wa kwanza nchini Marekani kutibiwa selimundu kwa njia hiyo, na yeye mwenyewe ameisimulia hadharani mara nyingi. Herufi mbovu haikusahihishwa, bado imo. Kilichofanyika ni kumpumzisha mlinzi, ghala likafunguka, na hemoglobini ya utotoni ikarudi kazini. Dawa hiyo iitwayo Casgevy iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika wagonjwa 30 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa mwaka mzima au zaidi bila kipindi cha maumivu makali.

Nisiwafiche upande wa pili. Kabla ya kurudishiwa seli hizo mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wake wa zamani, dawa za jamii ile ya saratani, zinazoweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Hulazwa wiki kadhaa. Na bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Nilipoisoma tarakimu hiyo nilichukua kikokotoo, kama ilivyo ada ya ofisi yetu. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kuwatibu watoto wa mwaka mmoja tu kwa bei hiyo kungehitaji dola bilioni 24.2, ambazo kwa kiwango cha shilingi 2,400 kwa dola ni zaidi ya shilingi trilioni 58. Bajeti yote ya Serikali kwa mwaka 2023/24, pamoja na barabara, majeshi, mishahara yetu na madeni, ilikuwa shilingi trilioni 44.39. Huo si mpango unaoweza kuandikiwa dokezo.

Kwa hiyo macho yangu yako zaidi kwenye kile kidonge cha mwaka 1869. Kwa muda mrefu madaktari walisita kukitoa Afrika, wakihofia kwamba kitaongeza malaria na maradhi mengine ya kuambukiza. Hatimaye watoto zaidi ya 600 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale walifuatiliwa, na matokeo yakatoka mwaka 2019, mtafiti aliyetangulia kutajwa katika orodha akiwa Mkongo, Léon Tshilolo. Maumivu yalipungua, malaria ikapungua badala ya kuongezeka, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto mia kwa mwaka. Kutoka makala ya 1995 hadi haya ya 2019 ni miaka 24. Yule kijana wa bweni letu angekuwa na umri wa miaka arobaini, na bila shaka angekuwa mwalimu wa Hisabati mahali fulani.

Kwetu nchini kazi imefanyika. Pale Muhimbili, tangu mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamewaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa kwa maelfu, na mwaka 2011 alitunukiwa tuzo na Royal Society ya Uingereza kwa ajili hiyo. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Wadogo zetu mnaochukua mchepuo wa sayansi mjue kwamba kazi hizi hufanywa na watu waliokaa kwenye madawati kama yenu, na kwamba kipimo cha kujua kama wewe ni mbebaji huhitaji damu kidogo tu. Mimi nilipima kabla ya kuoa, na mwenzangu pia.

Huko maabarani hawakulala. Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia walitangaza kwamba wameweza kupeleka maelekezo ya kurekebisha vinasaba moja kwa moja kwenye uloto kwa sindano ya mshipa, yakiwa yamefungwa katika vitone vya mafuta, mfano wa vile vya chanjo za Korona. Njia hiyo ikifaulu kwa binadamu, hakutakuwa na haja ya kuua uloto, wala ya kiwanda cha seli, wala ya kulazwa wiki nyingi, na bei nayo haitakuwa na sababu ya kubaki ilipo. Walilolifanya mwaka huo lilikuwa kwa panya, na kwa seli za wagonjwa wa selimundu zilizowekwa katika vyombo vya maabara. Naifuatilia habari hiyo kama wengine wanavyofuatilia msimamo wa ligi.